Nzige hutazamwa udongoni kwanza

Mtu akiniita shambani kwa ajili ya panzi, kitu cha kwanza anachotaka kutoka kwangu ni jina la dawa. Namwelewa kabisa. Miche iliyokuwa imesimama vizuri juzi leo imebaki vijiti, majani yaliyosalia yameliwa kingo, na kila hatua unayopiga kwenye nyasi za mpakani inarusha wadudu pande zote. Mtu aliyezika nguvu zake pale hana subira ya kusikiliza hotuba. Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia dawa huwa namwomba tuzunguke mpaka wa shamba, tutafute mahali ardhi ilipo wazi na jua linapopiga vizuri, tuchimbe.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukagua wadudu mashambani na malishoni. Nimeshughulika na viwavi, vidukari, mchwa na nzi wa matunda. Hakuna walionifunza kama panzi na ndugu zao nzige, na karibu yote waliyonifunza yanaanzia hapo chini, sentimita chache udongoni.

Panzi jike akitaka kutaga huchagua sehemu isiyo na majani mengi, kisha huzamisha ncha ya tumbo lake ardhini na kulirefusha kuliko unavyodhani mwili ule unaweza. Nzige wa jangwani hufika sentimita 10 hivi, pale mchanga unapokuwa na unyevu. Hutaga, hufunika mayai kwa povu, huondoka. Ukichimba taratibu kwa ncha ya kisu utakuta kifuko: mayai yamelala mshazari, membamba kama punje za mchele, yameshikana kwa povu lililokauka likiwa limenasa chembe za mchanga. Juu yake kuna kizibo cha povu jepesi, na hiyo ndiyo njia watakayopandia watoto siku ya kutoka. Kifuko kimoja cha nzige wa jangwani kinaweza kubeba mayai 80 hivi, na akiwa anaishi peke yake huweza kuzidi 100. Jike mmoja hutaga zaidi ya mara moja.

Usifungue kifuko kimoja ukaridhika. Fungua kadhaa. Katika cha kwanza mayai ni manjano, yamejaa maji, yako njiani. Katika kingine yamekunjamana na kuwa meusi, hayatatoa kitu. Kingine tena hakina yai hata moja zima. Yamebaki maganda, na katikati ya maganda amelala buu mweupe, mnene, aliyejikunja. Huyo ni mtoto wa mbawakawa wa malengelenge, yule mweusi mwenye mikanda ya njano au myekundu ambaye ukimponda kwenye ngozi, ngozi inatumbuka. Mkulima humchukia kwa sababu akiwa mzima anakula maua ya mazao, na ana haki ya kumchukia. Ila mtoto wake anakula mayai ya panzi, na huweza kumaliza kifuko kizima peke yake. Wapo pia nzi wenye manyoya ya kahawia wanaofanana na nyuki, ambao mabuu ya baadhi yao huishi kwa mayai hayo hayo. Wapo nyigu wa jenasi ya Scelio, wadogo kiasi kwamba mtu mzima asiye na lenzi huwapita tu, wanaotaga yai lao ndani ya yai la panzi.

Tangu nilipoanza kuhesabu vifuko vizima na vilivyoliwa, sijaweza tena kutoa ushauri wa dawa kwa kutazama majani peke yake. Majani yanakuambia kilichokwisha kutokea. Udongo unakuambia msimu ujao utakuwaje, na unakuambia pia ni walinzi wangapi bado wako kazini. Shamba ambalo vifuko vingi vimeshavamiwa na shamba ambalo vifuko vyote ni vizima yanaweza kuwa na panzi sawasawa leo hii, lakini hayahitaji jambo moja.

Na panzi wenyewe si wote wa kupigwa vita. Duniani kuna spishi zaidi ya 10,000 za panzi wenye papasi fupi, zile pembe nyembamba za kichwani, na wanaotuingiza hasara ni sehemu ndogo sana. Katika majimbo ya magharibi ya Marekani zimeorodheshwa spishi kama 400, na zile zinazohesabiwa kuwa waharibifu wa kweli ni chache miongoni mwao. Mmoja wa panzi wa huko, Hesperotettix viridis, anapendelea vichaka ambavyo ni sumu kwa ng'ombe. Kumnyunyizia dawa panzi huyo ni kuyatetea magugu. Kwa hiyo ninapokagua malisho, nabeba wavu na lenzi, nakamata wachache, natazama nani ni nani na nani anakula nini. Ni kazi ya saa moja au mbili, na mara nyingi inaokoa gharama ya msimu mzima.

Jambo lililonivuta zaidi malishoni ni ulaji wao wenyewe. Panzi hali jani akalimaliza. Anakata, kipande kinaanguka, anahamia jingine, anakata tena. Chini ya nyasi unakuta vipande vibichi vimelala pamoja na mavi yao madogo makavu. Ukiwa mfugaji ukaona hivyo, moyo unauma. Lakini vipande hivyo na mavi hayo vinaoza haraka kuliko nyasi iliyokauka imesimama, na nitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani yake inarudi kwa mizizi mapema. Watafiti Gary Belovsky na Jennifer Slade walilipima jambo hili katika nyika za Montana, Marekani, wakachapisha mwaka 2000: panzi wakiwa katika idadi ya wastani, virutubisho vilizunguka kwa kasi zaidi na nyasi zikaongezeka. Idadi ya wastani, narudia. Wakizidi, hesabu inageuka na malisho yanabaki upara.

Jaribio jingine ninalopenda kuwasimulia wenzangu wapya lilichapishwa mwaka 2012 na Dror Hawlena, Oswald Schmitz na wenzao. Walifuga panzi pamoja na buibui ambao vinywa vyao vilikuwa vimegundishwa, ili wawatishe tu bila kuweza kuwaua. Panzi waliokaa na hofu walitumia nguvu nyingi zaidi, na miili yao ikawa na kaboni nyingi zaidi kwa kulinganisha na nitrojeni. Walipokufa, miili yao ikawekwa kwenye udongo, na majani makavu yaliyowekwa baadaye kwenye udongo huo yakaoza polepole zaidi kuliko pale palipokuwa na miili ya panzi wasiotishwa. Buibui amemtisha panzi, na udongo umebadilika. Baada ya kusoma hilo nilianza kuwaangalia buibui wa kwenye nyasi kwa heshima.

Kisha kuna wote wanaoishi kwa kumla panzi. Mijusi, vyura, vipanga wadogo, korongo weupe. Kwezi mwenye ndevu, yule wa Afrika, huzaliana kwa makundi makubwa pale nzige wanapozaliana, na chakula kikikata huhama. Ndege wengi ambao chakula chao cha kawaida ni mbegu huwalisha makinda wao wadudu, na panzi ni nyama nono isiyohitaji kufukuzwa mbali. Nyika isiyo na panzi huwanyima ndege hao chakula kingi.

Sasa, nzige. Nzige ni panzi, hilo lieleweke. Tofauti ni kwamba spishi chache sana kati ya hizo maelfu, kama 20 hivi, zina uwezo wa kubadilika zikisongamana. Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita wataalamu waliamini kwamba nzige wanaohama na panzi fulani mpole wa kijani ni spishi mbili. Mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alionyesha mwaka 1921 kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Akiwa peke yake anajificha, anaruka usiku, anawakwepa wenzake. Wakibanwa pamoja kwenye vichaka vichache vilivyobaki kijani, wanagusana, hasa kwenye mapaja ya miguu ya nyuma, na ndani ya saa chache tabia inaanza kugeuka. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba serotonini, kemikali ambayo hata sisi tunayo mwilini, ndiyo inayosukuma badiliko hilo kwa nzige wa jangwani. Kinachofuata ni rangi mpya, safari za mchana na kutafutana badala ya kukwepana. Mama aliyesongamana huwarithisha watoto wake hali hiyo tangu kwenye yai.

Haya niliyajua kwa kusoma kabla ya kuyaona. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye timu za ukaguzi wakati wa lile wimbi kubwa la nzige wa jangwani lililoingia Afrika Mashariki, ambalo kwa Kenya lilikuwa kubwa kuliko yote katika miaka 70. Watu wanakumbuka makundi ya angani, na yanastahili kukumbukwa. Kilomita moja ya mraba ya kundi zito inaweza kubeba nzige milioni 80, kila mmoja na gramu zake mbili, kila mmoja akila karibu uzito wake kwa siku, wakitembea hadi kilomita 150 upepo ukiwaruhusu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hulinganisha kundi dogo la ukubwa huo na chakula cha siku cha watu 35,000. Nimesimama chini ya kundi la namna hiyo, na hakuna anayebaki na la kusema.

Mimi kilichonikaa ni tunutu. Hao ndio watoto wa nzige, bado hawana mabawa. Walikuwa weusi wenye madoa ya njano, wamejaa kwenye kichaka asubuhi, matawi yamelemewa. Jua lilipopata nguvu walianza kushuka, na dakika chache baadaye ardhi yote ilikuwa inaelekea upande mmoja. Miguu yao unaisikia kwenye majani makavu kabla hujaitofautisha. Niliinama nikawatazama kwa karibu. Mmoja alikuwa anavua ngozi, amening'inia kichwa chini kwenye unyasi, mwili mpya bado laini na mweupe. Akaanguka. Waliokuwa nyuma yake walimfikia, na kabla ngozi haijakauka alikuwa ameliwa nusu. Wengine hawakusimama, walipita. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kile ambacho majaribio ya mwaka 2008 yalikuwa yamekionyesha: sehemu kubwa ya mwendo ule ni woga wa anayekuja nyuma. Tunutu wanapungukiwa protini na chumvi, na aliye karibu nao zaidi mwenye vyote viwili ni mwenzao. Akisimama analiwa, kwa hiyo hasimami.

Kipindi hicho cha kutembea kwa miguu huchukua siku kama 30 hadi 40 kutegemea joto. Ndiyo nafasi yetu. Kundi liko chini, halijui kuruka, lipo mahali pamoja, mtu anaweza kulifikia kwa miguu na kulidhibiti kwa dawa kidogo sana. Likishapata mabawa, unalifukuza kwa ndege. Nilisikitika kila siku ya kazi ile kuona jinsi nafasi hii inavyopotea kwa sababu ripoti zilikuwa zinakuja nzige wakiwa wameshapata mabawa. Tunutu walioko kwenye vichaka maili kadhaa kutoka makazini hawapigiwi simu na mtu.

Historia ya wimbi lenyewe inafundisha hilo hilo. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Rasi ya Arabia. Oktoba mwaka huo huo kikaja Luban. Mchanga uliokuwa mkavu ukapata unyevu wa kutagia, mimea ikachipua, na vizazi vitatu vya nzige vikazaliana mfululizo mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukagua. Kufikia mwaka 2019 walikuwa Yemen, ambako vita vilikuwa vinazuia kazi ya udhibiti, wakavuka bahari hadi Somalia na Ethiopia. Desemba 2019 kimbunga Pawan kikainyeshea Somalia, wakapata mazalia mengine. Wakulima waliokuja kupoteza mazao mwaka 2020 walipoteza kwa sababu ya mayai yaliyotagwa jangwani miezi mingi nyuma, kwenye mchanga ambao hawajawahi hata kuuota.

Kuchelewa kuna bei yake hata kwa wasio wakulima. Wimbi la mwaka 2003 hadi 2005 lililoanzia Afrika Magharibi lilizimwa kwa takriban lita milioni 13 za viuatilifu. Nafikiria lita hizo ninapokagua eneo lililonyunyiziwa. Unakuta tunutu wamekufa, ndiyo, na pembeni yao nyuki, nyigu na mbawakawa wa ardhini. Ukirudi msimu ufuatao kuchimba, vifuko vilivyovamiwa na mabuu ni vichache. Panzi hurudi upesi maana kila jike ana mayai mengi. Adui zake wengi hawana kasi hiyo. Sisemi dawa isitumike. Nzige wakiwa wameshatua kwenye mazao ya watu, dawa ya haraka ndiyo jibu, na anayepinga hapo hajasimama mbele ya mtu anayepoteza mavuno. Nasema dawa ya kunyunyiza kila kitu isiwe jambo la kwanza kwa panzi wachache wa mpakani.

Kwa tunutu kuna njia nyingine ambayo ningependa ijulikane zaidi. Kuvu aitwaye Metarhizium acridum, aliyetengenezwa kuwa dawa ya kibiolojia baada ya mawimbi ya miaka ya 1980, huwaua panzi na nzige na kuwaacha nyuki na wadudu wengine. Mbegu zake hushika kwenye ngozi ya mdudu, zinaipenya, zinakua ndani. Kifo huchukua wiki moja hadi tatu, na hapo ndipo mkulima anapokata tamaa, kwa sababu anataka kuwaona wameanguka leo. Lakini mdudu aliyeambukizwa hupunguza kula siku nyingi kabla hajafa. Mwaka 2009 kuvu huyu alitumika Tanzania dhidi ya nzige wekundu kwenye mabonde ya Iku, Katavi, na mwaka 2020 Somalia ilimtumia dhidi ya tunutu kwa kiwango kikubwa. Katika maeneo yenye mizinga ya nyuki, vyanzo vya maji au mifugo, mimi ningeanza naye.

Yupo kuvu mwingine asiyehitaji kuletwa na mtu. Baada ya siku za unyevunyevu utakuta panzi wamepanda hadi ncha za nyasi, vichwa vimetazama juu, miguu imekumbatia ubua. Ukimgusa hatikisiki. Amekufa, na mwili unakatika mkononi. Ni kazi ya Entomophaga grylli, ambaye humfanya mgonjwa apande juu kabla ya kufa ili mbegu zake zipeperuke. Mkulima akiniita baada ya mvua za mfululizo, natafuta maiti hizo za juu kabla ya chochote. Nikizikuta nyingi namwambia tusubiri wiki moja, tuje kuhesabu tena.

Upande wa ardhi yenyewe tuna mkono wetu. Malisho yaliyochungwa kupita kiasi yanampa panzi vitu viwili kwa pamoja: udongo ulio wazi wa kutagia, na mara nyingine chakula anachokipenda. Arianne Cease na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa nyika za kaskazini mwa China wakionyesha kwamba uchungaji mzito hupunguza nitrojeni kwenye nyasi, na kwamba nzige wa huko, Oedaleus asiaticus, hustawi zaidi kwenye nyasi hizo dhaifu. Tangu hapo, nikiwa malishoni, huwa nazungumza na mfugaji kuhusu kupumzisha vipande vya ardhi kabla sijafika kwenye habari za wadudu. Baadhi hushangaa. Wameniita kwa ajili ya panzi, mimi naulizia ng'ombe.

Nguvu ya ardhi juu ya wadudu hawa inaonekana wazi zaidi katika kisa cha nzige wa Milima ya Rocky. Mwaka 1875 kundi moja la nzige hao lilipita juu ya nyanda za Marekani, na eneo lililokadiriwa na daktari Albert Child lilikuwa takriban maili za mraba 198,000. Walikula mazao, wakala kamba, wakala nguo zilizoanikwa. Miaka 27 baadaye, 1902, nzige wa mwisho hai wa spishi hiyo walikusanywa, na hawajaonekana tena. Hakuna dawa iliyowamaliza. Maelezo yenye nguvu zaidi, yaliyotolewa na watafiti Jeffrey Lockwood na Larry DeBrey mwaka 1990, ni kwamba katika vipindi vya utulivu nzige hao walikuwa wakitaga kwenye mabonde machache ya mito milimani, na walowezi waliyalima na kuyamwagilia mabonde hayo bila kujua wanachokivuruga. Wengine husherehekea kisa hicho. Mimi nakisoma kwa uzito, kwa sababu kinaonyesha kwamba hata mdudu wa matrilioni ana mahali padogo anapotegemea, na kwamba tunaweza kupafuta bila kukusudia. Kila mnyama aliyewategemea alipoteza chakula hicho.

Kwa hiyo, ukiwaona usianze na bomba la kunyunyizia. Anza na taarifa iliyokamilika, kwa sababu taarifa ya "nzige wengi sana" haimsaidii anayepanga kazi. Andika tarehe na mahali penyewe, ikiwezekana kwa programu ya simu kama eLocust3m, inayoweka mahali ulipo kwenye ramani bila wewe kuandika. Sema kama wana mabawa au hawana. Kama wana mabawa, sema rangi: wenye rangi ya waridi bado ni wachanga, watakula sana na kuhama. Wa njano wamekomaa na wako tayari kutaga, na hapo andika pia walipotua jioni na kama udongo una unyevu, maana timu itapaswa kurudi mahali hapo hapo baada ya wiki mbili hivi, mayai yanapoanguliwa. Kama ni tunutu, kadiria urefu na upana wa kundi kwa hatua zako, na uelekeo wanaokwenda. Kisha chimba mahali pachache, na useme ulichokuta kwenye vifuko.